Kumjua Samaki kwa Mgongo

Nilipopunguzwa kazi bandarini, miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuwaaga watu wake kwa mafungu, nilirudi kwetu Kisondela na miwani ya kuzamia, mkanda wa vipande vya risasi wa kunizamisha na hadithi zangu. Miwani ilikanyagwa na ndama. Mkanda wa risasi mke wangu Esnath aliufanya kizuizi cha mlango wa banda la kuku. Hadithi ndizo zilizobaki nzima, na hizo hakuna aliyezitaka.

Siwalaumu. Watu wa kwetu wamezaliwa migombani. Maji wanayoyajua ni yale yanayotoka juu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzama chini ya meli na mtungi wa hewa mgongoni, kukwangua uchafu unaoota kwenye chuma. Shule ya samaki sikwenda. Nilikuwa nawatazama tu, kama mtu anayengoja gari anavyotazama wapita njia, na jioni nawauliza wavuvi majina yao. Niliposimulia kwamba pweza mmoja wa gatini tulizoeana hata akawa ananishikia brashi zangu zote, kijiji kizima kiliamini. Niliposema kwamba yuko samaki anaitwa pono, ambaye usiku hutoa ute akajifunika kama chandarua, akalala, waliniita muongo. Na hilo la pono ndilo lililokuwa kweli tupu.

"Mzee Ambwene," Haruni mwenye duka alikuwa akiniambia mbele ya wateja, "hao samaki wako kama wana vyandarua, basi waambie na mashuka yamefika. Biashara imefunguliwa, nimeleta mitumba."

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba mwanangu Lugano, aliyekuwa akipeleka ndizi Dar es Salaam kwa lori, ameoa huko msichana wa kwetu kabisa, mtu wa Ikuti, aliyesomea samaki na anayezamia kwa mtungi, nilipiga magoti hapo hapo kwenye majani ya chai. Mungu amenikumbuka! Ameniletea mtu wa kuzungumza naye kabla sijafa.

Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipokumbuka kwamba ni mkwe. Hatuwezi kuzungumza.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao hakutazami usoni. Hali chakula ulipo, hapazi sauti ukiwa karibu, na akikuona mbele barabarani huacha njia akaingia migombani mpaka umepita. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe, na wewe unairudisha: unakohoa kabla ya kukata kona usije ukakutana naye uso kwa uso. Wakristo wengi wa siku hizo walikuwa wamekwisha kuilegeza. Lakini Tusekile, mke huyo wa Lugano, alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa hajawahi kulegeza kitu chochote, hata kamba ya mbuzi.

Alikuja kwetu mwanzoni mwa masika. Nilimwona mgongo tu, ukipotelea jikoni.

"Amekuja kupumzika?" nilimwuliza Esnath.

"Amekuja kuumia. Ameshindwa mtihani."

Huko Dar es Salaam kulikuwa na mradi wa kuhesabu samaki wa kwenye matumbawe, maana baruti za wavuvi zilikuwa zimebomoa mengi, na watu walitaka kujua kilichobaki. Walihitaji wazamiaji wanaoweza kuogelea juu ya utepe uliotandazwa chini ya bahari, na kuandika kwenye kibao cha plastiki kila samaki anayepita, jina lake na wako wangapi, bila kusimama na bila kuuacha utepe. Tusekile aliitaka kazi ile tangu akiwa shuleni. Wakamjaribu, akashindwa. Wakamwambia arudi mvua zikikatika, mara moja tu. Akishindwa tena nafasi anapewa mwingine, naye akatafute kazi ya nchi kavu.

"Analia?"

"Halii. Anapukuchua mahindi tangu asubuhi. Mahindi yameisha, sasa anapukuchua magunzi."

Usingizi haukunijia vizuri. Wilaya nzima ya Rungwe, kuanzia mlimani mpaka tunapopakana na Kyela, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeishi na samaki wale, na mtu huyo ndiye pekee ambaye mtoto yule hakuruhusiwa kumwuliza kitu.

Asubuhi nikakata mgomba ulioanguka, nikachonga samaki kutoka kwenye shina. Nikawapaka masizi, chokaa na udongo mwekundu, nikawatundika kwa kamba kati ya migomba, upepo ukawa unawachezesha. Nikakaa nyuma ya ukuta wa jiko. Esnath akakaa mlangoni, Tusekile ndani. Ilikuwa hivi: mimi nasema, ingawa Tusekile ananisikia vizuri kabisa, Esnath anarudia, Tusekile anamnong'oneza, Esnath ananiletea jibu. Njia ndefu, lakini kila mtu alibaki na heshima yake.

"Mwambie ataje wanaoning'inia."

Minong'ono. "Anasema: pono, changu, kangaja, chafi, kitatange. Na anasema huyo aliyebaki umemchonga kama kiazi."

"Huyo ni bunju. Bunju ndivyo alivyo."

"Anasema alijua ni bunju. Kiazi ni sifa."

Basi anawajua wote! Nikachanganyikiwa. "Muulize sasa, kule chini alishindwaje? Aliona nini?"

Minong'ono ikachukua muda.

"Anasema aliona mikia."

"Mikia ya nani?"

"Wewe mzee, angejua ya nani angekuwa hapa anamenya ndizi zangu?"

Nikaelewa. Kitabuni samaki wote wamelala ubavu, wametulia kama maiti anayeagwa. Na mimi nimemchongea maiti wengine. Baharini samaki akisikia mapovu yako anageuka anakwenda zake. Unachopewa ni mgongo na mkia, tena kwa muda wa kupiga chafya. Mimi mwenyewe niliwajuaje? Nilikuna kichwa. Nilikuwa nawajua tu. Huwezi kumfundisha mtu "tu".

Siku chache nilizunguka na jambo hilo bila jibu. Halafu siku moja natoka Mpuguso sokoni, njia inapanda, na mbali kule mbele, mbali hata sikuweza kusema kama ni mtu au mbuzi, nikaona kitenge kikikatisha kuingia migombani. Nilipofika pale hapakuwa na mtu. Nikakohoa kwa adabu, nikapita. Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko.

"Mama Lugano! Muulize, leo barabarani alijuaje kuwa ni mimi?"

Minong'ono, kisha Esnath akaanza kucheka peke yake.

"Nini?"

"Anasema bega lako la kushoto liko chini kuliko la kulia. Anasema ukipanda mlima unatupa mguu mmoja pembeni kama unamfukuza kuku. Kofia yako hukaa nyuma ukiwa umeshiba, hukaa mbele ukiwa na njaa." Akasikiliza tena. "Anasema ukitoka kanisani unatembea ukingoni mwa njia. Ukitoka kilabuni unatembea katikati."

"Ameuona uso wangu?"

"Anasema hajawahi. Akingoja mpaka auone uso, amekwisha kuchelewa."

Jamani! Nimeishi na Esnath tangu tukiwa vijana, na hata leo ukimwuliza bega langu lipi liko chini atakwenda kulitazama kwanza. Na hapa mtoto wa watu amenisoma mgongo mpaka njaa yangu anaijua, kwa kunikimbia tu. Bibi yake kule Ikuti alimsomesha kuzamia bila kujua.

"Mwambie," nikasema, "samaki ndivyo walivyo. Asiwatafute nyuso. Awajue kama anavyonijua mimi, kabla hawajafika."

Samaki wangu wa mgomba nikawapa ng'ombe. Kuanzia hapo samaki nilikuwa mimi mwenyewe.

Kila jioni mvua ikipumzika niliwapa mgongo, nikaingia migombani na kutembea. Pono hapigi mkia. Anapiga mikono kama makasia na mkia anaukokota kama kanga iliyolegea. Hivyo nilipiga mikono. Changu anatikisa kiuno. Nilitikisa, na mgongo ulinikumbusha umri wangu. Bunju anakwenda kama mama mnene aliyebeba ndoo, mwili umetulia, mapezi madogo tu ya nyuma yanahangaika. Mzia hatembei; yupo tu kama mkuki, halafu hayupo. Chewa anajificha nyuma ya jiwe, na ukimkuta anakutazama kama karani uliyemwamsha.

Kitatange hutembea wawili. "Mama Lugano, njoo."

"Siji."

"Bila wewe mimi si kitatange."

"Usiwe."

"Mtoto atashindwa mtihani."

Akaja, kanga kiunoni, tukaenda sambamba kati ya migomba tukigeuka pamoja, huku pamoja na kule pamoja. Tulipofunga ndoa hatukutembea vizuri vile. Na hapo ndipo Haruni alipopita na baiskeli, akashuka, akatutazama.

"Mzee Ambwene. Shemeji. Kuna ugonjwa?"

"Sisi ni samaki," Esnath akamjibu bila kusimama.

"Aa." Akapanda baiskeli yake taratibu. "Basi nitawaombea."

Mwanzoni Tusekile alikosea. Alimchanganya pono na kangaja, wote wawili wapiga makasia, mpaka nilipomwonyesha kwamba kangaja hupiga haraka haraka kama mtu aliyechelewa ibada, na pono hana habari. Kufikia mwisho wa mvua nilikuwa sijamaliza hata hatua moja, jiko limekwisha kunong'ona. Esnath alichoka kuleta majina, akawa anagonga sufuria tu: mlio mmoja, amepata; kimya, amekosa. Sufuria ile ililia mpaka majirani wakadhani tunapika pilau kila siku.

Mvua zikakatika. Lugano akatuchukua kwa lori lake. Tusekile na mama mkwe wake walikaa mbele na dereva, mimi juu ya ndizi chini ya turubai, kama heshima inavyotaka. Nilifika Dar es Salaam nimeiva.

Mkuu wa mtihani aliitwa Yussuph, mtu wa Mafia, na nilipomwona nilicheka. Tuliwahi kuzamia pamoja gatini.

"Ambwene! Bado hujafa, Mnyakyusa wewe?"

"Kifo kilifika Tukuyu, mvua ikakirudisha. Nimemleta mkwe wangu."

"Sitampendelea."

"Sikuombi."

Lakini msaidizi wake aliumwa sikio siku hiyo, na alihitaji mtu wa kukaa chini kwenye kamba ya nanga na mtungi wa akiba. Akanipima kwa macho. "Unakumbuka kuvuta pumzi?" Nikamwambia mimi ndiye niliyewafundisha nyangumi. Akanipa vazi jeusi la mpira lenye kofia, mapezi na mtungi. Esnath alibaki ufukweni na Lugano, akisali kwa sauti ili bahari isikie.

Kwenye mashua mimi nilikaa mbele nikitazama maji, Tusekile nyuma akitazama nchi kavu. Yussuph akatugeukia mmoja mmoja.

"Mmegombana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

"Sisi Mafia tukiheshimiana tunasalimiana."

Nilishuka wa kwanza. Sitaki kusema mengi kuhusu dakika ile ya kwanza, maji yalipofunga juu yangu na kelele zote za dunia zikakatika, nikabaki na pumzi yangu inayoingia na kutoka. Nilidhani sitaiona tena. Matumbawe yalikuwa chini yangu kama bustani ya mtu mwenye wazimu, mengine yamevunjika, mengine mazima. Kangaja walipita kundi zima, wamechelewa ibada kama kawaida. Kasa mmoja alinitazama akaendelea kula. Wazee wenzangu! Nililia ndani ya miwani, na machozi ndani ya miwani hayana pa kwenda.

Amri ilikuwa nikae kwenye kamba. Nilikaa. Kwa mbali nilimwona Tusekile akianza utepe, Yussuph nyuma yake na kibao chake. Alikuwa anakwenda vizuri, kichwa kimetulia, mkono unaandika. Ningekaa hivyo hivyo mpaka mwisho kama si chewa.

Alitokeza nyuma ya jiwe. Chewa mkubwa kama ndama wa miezi mingi, mdomo wa kuingiza debe, na uso wa karani kabisa. Nikasema nimsogelee kidogo tu, kwa salamu. Nikamsogelea. Akarudi nyuma, nami nikazunguka jiwe, yeye akazunguka, na tulipomaliza mazungumzo hayo nilisikia mapovu ya mtu nyuma yangu, karibu sana, nikajua nimefika kwenye utepe.

Sikugeuka. Heshima haijui maji. Nilitulia kama jiwe na mimi, mpira mweusi mpaka masikioni, nikiomba anione kama takataka ya bahari. Kwa pembe ya jicho niliona mapezi yake yakisita. Halafu yakageuka kulia, yakauacha utepe, yakapotelea nyuma ya matumbawe, vilevile kabisa kama kitenge kinavyoingia migombani njia ya Mpuguso.

Aliurudia utepe mbele zaidi. Lakini kipande kile kilikwisha kupita bila kuhesabiwa.

Juu, mashuani, Yussuph alivua miwani. Hakuwa na uso wa furaha.

"Ulikuwa unakwenda vizuri. Kwa nini uliuacha utepe?"

Tusekile alitazama sakafu ya mashua.

"Binti, nakuuliza. Hapakuwa na mkondo. Mimi nilikuwa nyuma yako, sikuona kitu cha kukimbia. Aliyeacha utepe ameshindwa, hiyo ndiyo kanuni. Una la kusema?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Nikaanza mimi: "Yussuph, sikiliza, hapo chini..."

"Mzee, mtihani si wako! Ajibu mwenyewe."

Na hawezi kujibu. Nafasi yake inaondoka mbele ya macho yake, jibu analo mdomoni, na kinachomziba mdomo ni mimi, kukaa kwangu pale na masikio yangu mawili. Ningejitupa majini, lakini mtungi wangu ulikuwa umeisha na pwani ilikuwa mbali. Nikatazama huku na huku. Karibu na injini kulikuwa na turubai la kufunikia mitungi. Nikalivuta, nikalala sakafuni, nikajifunika gubigubi mpaka miguu.

"Ambwene, unafanya nini?"

"Sipo," nikasema kutoka chini ya turubai. "Muulize sasa."

Kisha nikasikia sauti. Ilikuwa nene kuliko nilivyodhani, tena haikuwa na haraka. Tangu aolewe na mwanangu nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Nilimwona baba mkwe wangu. Kwetu siwezi kupita mbele yake. Nilizunguka."

"Ulimwona wapi?"

"Nyuma ya jiwe kubwa, upande wa kushoto wa utepe."

"Mimi sikumwona. Na huyo mzee amevaa vazi kama la wote, kofia mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekugeukia?"

"Alinipa mgongo."

"Sasa ulimjuaje?"

"Bega la kushoto," Tusekile akasema. "Na mguu mmoja anautupa, hata kwenye maji. Alikuwa anamfuata chewa."

Nikasikia Yussuph akisugua kibao chake. "Mimi sina chewa hapa."

"Yupo. Alikuwa mbele yake."

"Mkubwa?"

Chini ya turubai nilitega sikio. Maisha yangu yote nimesimulia chewa, na hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja pamoja nami.

"Kama mbuzi," akasema Tusekile. "Mbuzi mkubwa."

Nilitaka kumpandisha afike ndama, lakini sikuwepo.

Yussuph akamwomba kibao chake. Nilisikia vibao viwili vikiwekwa pamoja, kidole kikitelemka juu yake. Alipocheka hatimaye, mashua yote ilicheza. "Mimi naogelea nyuma yako na macho yangu yote nimemkosa chewa na nimemkosa Mnyakyusa mzima. Haya. Kipande ulichokiruka bado kipo. Badilisha mtungi, urudi ukakimalize. Na huyu mzee abaki hapa hapa alipo, asitoe hata pua."

Wakashuka. Nikabaki na harufu ya petroli, jua likinipika juu ya turubai, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema sikuwa na hadithi hata moja kichwani. Niliomba tu. Niliomba kwa Kiswahili, nikamaliza, nikaona hakitoshi, nikarudia kwa Kinyakyusa.

Walipopanda, Yussuph hakupoteza muda. "Soma chako, mimi nalinganisha na changu. Kwa sauti."

Tusekile akasoma. Kangaja, kundi. Pono watatu. Kitatange wawili. Changu. Chafi wawili. Mkunga kichwa nje ya shimo. Bunju mmoja. Alisoma bila kusita, jina juu ya jina, na kila samaki aliyemtaja nilimwona nyuma ya kope zangu akipita kati ya migomba yangu, mmoja wao akiwa na kanga ya Esnath. Kila jina Yussuph aliitikia "ehe", na baada ya jina la mwisho hakusema ehe. Akasema, "Jumatatu uje kazini. Uje na mapezi yako, ya hapa yanatoboka."

Sikusikia alichojibu, maana alijibu huku analia, na mimi pia masikio yangu yalikuwa na shughuli nyingine. Niliweka mdomo kwenye turubai, nikasema polepole, ndaga fijo, yaani asante sana, kwa Mungu, kwa bibi wa Ikuti nisiyewahi kumwona, kwa Esnath na sufuria yake, na kwa mtoto huyu aliyenijua mgongo.

Injini ikawaka. Hakuna aliyekumbuka kunitoa, na mimi sikujitoa. Huko nyuma ya mashua mkwe wangu alikuwa anamwuliza Yussuph habari za pono, kama ni kweli kwamba usiku hujifunika, na sikutaka anyamaze.